Papa Aliyepita Karibu Nawe: Hatari Yake ni Kubwa Kiasi Gani?

Swali: Mwalimu, salamu. Nimeanza kujifunza kuzamia kwa mtungi mwaka huu. Katika mbizi yangu ya nne, tukiwa kina cha mita 14, papa wa kijivu aliinuka kutoka chini ya mwamba akapita kama mita 3 kutoka kwangu. Nilimkadiria urefu wa mita 2, na ncha ya pezi lake la mgongoni ilikuwa nyeupe. Niliingiwa na woga, nikapanda juu mbio bila kumngoja mwenzangu. Sasa mume wangu hataki nirudi majini kabisa. Mwalimu wangu wa uzamiaji naye anasema papa hana neno, eti nazi zinazoanguka zinaua watu wengi kuliko yeye. Nimwamini nani? Na nikikutana na papa tena nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonishtua ni hilo la kupanda juu "mbio". Kabla hatujafika kwa papa, naomba tuanzie hapo, kwa sababu dakika ile uliyomkimbia ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko zote katika mbizi yako.

Hewa uliyovuta ukiwa mita 14 ilikuwa imebanwa na uzito wa maji. Ukiibeba kifuani mpaka juu, inatanuka karibu mara mbili na nusu. Mtu mwenye woga huzuia pumzi bila kujijua, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka hewa hiyo: yanaweza kupasuka, hewa ikaingia kwenye mishipa ya damu na kufika kwenye ubongo. Halafu kuna gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati ukiwa chini. Ukipanda taratibu inatoka kwa njia ya pumzi, lakini ukipanda kwa kasi inafanya mapovu kwenye damu na kwenye viungo. Ndiyo maana tunafundishwa tusizidi mita 9 kwa dakika. Kama siku ile au iliyofuata ulihisi ganzi, kizunguzungu, maumivu ya viungo au uchovu usioeleweka, mwone daktari anayeyajua magonjwa ya uzamiaji kabla ya kurudi majini, hata kama dalili zimekwisha zenyewe. Nakuambia haya kwa sababu nimewaona watu wakiumia kwa kumkimbia papa ambaye hakuwa na haja nao.

Sasa tumtazame huyo papa wako. Maji na kioo cha miwani ya kuzamia hukuza vitu kwa karibu theluthi moja na kuvisogeza karibu zaidi ya vilipo. Papa uliyemwona wa mita 2 huenda alikuwa na mita 1.5. Aliinuka kutoka chini ya mwamba, ana ncha nyeupe kwenye pezi la mgongoni, ni wa kijivu: kwa maelezo hayo, naona karibu hakika ulikutana na papa wa miamba mwenye ncha nyeupe. Mara chache huzidi mita 1.6. Mchana kutwa hulala kwenye mapango, akisukuma maji kwa mdomo yapite kwenye matamvua ili apumue, na usiku ndipo hutoka kuwinda samaki waliojificha kwenye nyufa za matumbawe. Hii pekee inatosha kuonyesha kuwa si kweli kwamba kila papa akiacha kuogelea hufa. Huyu kuuma watu ni nadra mno, na mara nyingi alipouma palikuwa na mtu aliyemvuta mkia au aliyeshika samaki wa mkuki.

Ila naomba usilibebe jina hilo ukalipeleka kila mahali, maana ana jamaa yake mwenye jina linalofanana, papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe. Huyo ni mkubwa, mapezi yake ni mapana na ya mviringo kama makasia, na makazi yake ni maji ya kina kirefu mbali na nchi kavu, ambako chakula ni cha kubahatisha. Kwa hiyo kila anachokikuta hukichunguza, tena kwa ukaidi, unamfukuza anarudi. Meli ya kivita ya Marekani, USS Indianapolis, ilipozamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 30 Julai 1945, watu wapatao 900 walibaki wakielea baharini kwa siku kadhaa bila msaada, na waliookolewa walikuwa 316 tu. Wengi waliuawa na kiu, jua, majeraha na maji ya chumvi waliyokunywa, lakini papa nao walikuwapo, na huyu wa bahari kuu ndiye anayetajwa zaidi. Wanyama wawili wenye ncha nyeupe, mmoja unaweza kumwangalia akilala, mwingine ukimwona unaanza kujipanga kutoka majini. Papa ni zaidi ya aina 500. Kusema "papa ni hatari" au "papa hana neno" ni sawa na kusema "mnyama wa porini ni hatari" bila kutaja kama ni nyati au ni digidigi.

Hapo nakuja kwa mwalimu wako na nazi zake. Nia yake ni njema, alitaka kukutuliza, lakini hesabu hiyo haina msingi. Ile idadi ya watu 150 kwa mwaka wanaouawa na nazi imerudiwa mpaka ikaonekana kweli, na hakuna hesabu yoyote nyuma yake. Hesabu za papa zipo, na zinatunzwa vizuri. Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Florida, katika mji wa Gainesville, lina faili la kimataifa linalochunguza kila tukio la mtu kuumwa na papa. Linatenganisha matukio ambayo mtu alimchokoza papa, kwa mfano alimshika, alimlisha au alikuwa akimtoa kwenye ndoana, na yale ambayo papa alimfuata mtu aliyekuwa akiogelea zake. Kwa mwaka 2023 waliandika matukio 69 ya aina hii ya pili duniani kote, na watu 10 walikufa. Mwaka 2024 yalikuwa 47, na waliokufa walikuwa 4. Kwa miaka ya karibuni wastani unazunguka hapo hapo: matukio kama 60 au 70, vifo vichache. Ukiweka kando ya hizo watu wapatao 300,000 ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria walikufa maji mwaka 2021, unaona wazi ni kipi kati ya bahari na papa kinachopaswa kukukosesha usingizi.

Lakini hata hesabu hizi za kweli haziwezi kuiondoa hofu ya mume wako, na ningependa uelewe kwa nini. Watu wengi duniani hawakanyagi kabisa maji yenye papa wakubwa. Ukigawa vifo vya papa kwa watu wote wa dunia, unapata namba ndogo inayomfariji hata mtu anayeishi jangwani, ambaye haimhusu. Hatari ya papa haikusambaa sawasawa kama mvua ya masika. Imekaa mahali fulani, saa fulani, na kwa watu wanaofanya mambo fulani. Ukiwa nje ya hapo ni karibu na sufuri, na ukiwa ndani ya hapo inaweza kuwa kubwa kiasi cha kubadilisha maisha ya watu.

Chukua kisiwa cha Réunion, cha Ufaransa, katika Bahari ya Hindi. Kina watu wasiofika milioni moja, lakini kati ya mwaka 2011 na 2019 watu 11 waliuawa na papa huko, wengi wao wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Serikali ikalazimika mwaka 2013 kupiga marufuku kuogelea na kuteleza nje ya maeneo yaliyolindwa. Mtu wa Réunion ukimwambia habari za nazi atakuona humheshimu, na atakuwa na haki. Au tazama Recife, Brazil: baada ya miaka mingi ya utulivu, kuanzia mwaka 1992 matukio yakaanza kufuatana kwenye fukwe zilezile. Wataalamu wameyahusisha na ujenzi wa bandari ya Suape kusini ya hapo, uliovuruga mito na mikoko ambako papa walikuwa wakiingia, na pia na mkondo unaowaleta papa karibu na ufuko. Kinyume chake ni New Smyrna Beach kule Florida, ambako watu wanaumwa mara nyingi kuliko karibu kila mahali duniani na vifo hakuna. Papa wa pale ni wadogo wanaofukuza samaki kwenye maji yenye matope ya mawimbi. Anaona unyayo mweupe ukimetameta, anauma, anatambua si samaki, anaachia. Mtu anashonwa nyuzi kadhaa anarudi nyumbani. Namba kubwa kwenye ramani, hatari ndogo kwenye maji. Ndiyo maana mtu akinipa idadi ya mashambulio bila kuniambia ni papa gani na maji gani, najiona bado sijaambiwa kitu.

Wale wanaoua watu kwa kweli ni wachache, na watatu ndio wanaobeba karibu mzigo wote. Papa mweupe mkubwa, anayeweza kufika mita 6, anaishi zaidi kwenye maji ya baridi na ya wastani ambako kuna sili, mamalia wa baharini, na humvamia windo kutoka chini kwa mwendo wa ghafla. Papa chui milia ni wa maji ya joto. Hula karibu kila kitu, kasa, ndege, nyoka wa baharini, mizoga, na meno yake yamejipinda kama ya msumeno ili yakate gamba la kasa. Ndiye aliyekata mkono wa kushoto wa Bethany Hamilton kule Hawaii tarehe 31 Oktoba 2003, binti wa miaka 13, ambaye alirudi kwenye ubao wake kabla ya mwezi kwisha. Wa tatu ndiye ninayemhofia kuliko wote, papa fahali. Mnene, pua fupi, anapenda maji machafu ya midomo ya mito, na mwili wake unaweza kuishi kwenye maji baridi ya mito kama kwenye chumvi. Amepanda mto Zambezi, na ndiyo maana wengi kusini mwa Afrika humwita kwa jina la mto huo. Ameonekana Iquitos, Peru, maelfu ya kilomita kutoka mdomo wa mto Amazon. Na kule Brisbane, Australia, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaacha wengine kwenye bwawa la uwanja wa gofu, wakaishi humo miaka mingi. Anakutana na watu kwa sababu anapenda mahali palepale watu wanapopenda kuogea, na kwenye maji ya rangi ya chai hakuna atakayemwona.

Kwa nini anauma? Wengi hujibu haraka: "Anakosea, anadhani mtu ni sili." Jibu hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walipiga picha kutoka chini za watu wakiogelea, watu wakiwa juu ya ubao na sili wakiogelea, wakazichuja zifanane na anavyoona papa mweupe kijana: asiyetofautisha rangi na asiyeona vitu vidogo vizuri. Kwa macho hayo mtu na sili vilishindwa kutofautishwa, kwa umbo na kwa mwendo. Baadaye kundi hilo lilionyesha kwamba sanamu ya sili ikiwekewa taa upande wa chini, kivuli chake kikavunjika, papa weupe huiacha. Lakini kosa la macho haliwezi kueleza kila kitu. Papa chui milia hatafuti sili, anajaribu tu kila kinachoelea. Papa hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, anakigusa kwa mdomo. Kwake ni udadisi, kwako ni jeraha la kuvuja damu nyingi. Na wako wengine wanaouma kwa kujihami, na hao ndio wanaotoa onyo kabla, kwa hiyo nitakaa kwao kidogo.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilimfuata papa wa kijivu wa miamba (aina nyingine, si yule wako wa ncha nyeupe) na kamera mkononi. Alikuwa akizunguka pembe ya mwamba, nami nikataka picha ya karibu, nikajikuta nimemziba kati ya ukuta wa matumbawe na mwili wangu. Mwendo wake ukabadilika. Mgongo ukajipinda kama upinde, pua ikainuka, mapezi mawili ya kifuani yakashuka yakaelekea chini kama mikono ya mtu aliyekasirika, na mwili mzima ukaanza kuyumba upande na upande kupita kiasi, akichora namba nane mbele yangu. Sikuwa nimesoma bado yale ambayo watafiti Johnson na Nelson waliandika mwaka 1973 kuhusu ishara hizo hizo kwa papa wa aina hiyo hiyo, lakini mwili ulielewa. Nilishusha kamera, nikarudi nyuma polepole huku nikimwangalia, nikamwachia njia. Mapezi yakanyooka, akapita. Mapigo ya moyo wangu yalichukua muda mrefu kutulia kuliko yeye. Yule mnyama alikuwa ameniambia kwa uwazi kabisa nilichokuwa nikimfanyia, na nashukuru mpaka leo kwamba nilimsikiliza.

Kwa hiyo ukikutana na papa tena, jambo la kwanza ni kumwangalia. Mapezi ya kifuani yamenyooka pembeni, mkia unapiga taratibu, anapita zake: huyo anasafiri, na wewe tulia ufurahie, maana wengi wanalipa pesa nyingi wasimwone. Akianza kuzunguka na kila mzunguko unakaribia, au mapezi yakashuka, au mwendo ukawa wa kushtuka-shtuka, muda wa kuondoka umefika. Simama wima majini ili uonekane mkubwa. Mwelekee, umfuate kwa macho kila anapogeuka. Papa wengi hupendelea kumjia windo asiyejua. Sogea karibu na mwenzako, mgongo kwa mgongo, au uupe mwamba mgongo wako, ila usimzibie njia ya kutokea. Usipige maji wala kukimbia. Kishindo na mtapatapo vina maana kwake, kwa sababu pembeni mwa mwili ana mstari wa hisia unaopokea mtikisiko wa maji, na samaki aliyejeruhiwa hutikisika hivyo hivyo. Kisha panda na mwenzako, kwa kasi ile ile mliyofundishwa.

Akija mpaka karibu, weka kitu kati yenu: kamera, fimbo, mapezi ya miguuni. Msukume kwacho. Ikifika hatua ya kuuma, pigana kwa nguvu zako zote, na ulenge macho na zile nyufa za matamvua pembeni mwa kichwa, ambako ana maumivu ya haraka. Watu huambiwa wampige pua. Pua kweli ina hisia kali, imejaa vitundu vidogo vyenye ute ambavyo kwavyo papa huhisi umeme dhaifu wa misuli ya windo, lakini iko juu tu ya meno na ngumi inayokosa inateleza ndani ya mdomo. Rodney Fox wa Australia, aliyeumwa na papa mweupe tarehe 8 Desemba 1963 na kushonwa nyuzi zaidi ya 400, alipambana kwa vidole machoni mwa papa. Alipona, na maisha yake yote baadaye akayatumia kuwatafiti na kuwatetea papa weupe.

Sitakuficha upande wa pili: papa mweupe au papa fahali aliyekusudia kuvamia humwoni kabla. Maarifa yote niliyokupa hapo juu ni ya papa anayeonekana. Kwa yule asiyeonekana, kinga iko kabla hujalowa. Uliza wavuvi na wazamiaji wa mahali hapo, na ukiambiwa "hapa hatuogi", usiulize mara mbili. Epuka maji ya matope na midomo ya mito, hasa baada ya mvua kubwa. Epuka alfajiri na magharibi. Ukiona ndege wanajitumbukiza na samaki wadogo wanaruka, karamu inaendelea hapo na wewe usiwe katikati yake. Pomboo nao si walinzi kama wengi wanavyoamini. Mara nyingi wanakula samaki walewale anaowafuata papa. Usiogelee karibu na boti inayosafisha samaki au kumwaga chambo. Na usimfuate mtu anayevua kwa mkuki akiwa amefunga samaki wanaovuja damu kiunoni. Kwangu huyo ndiye mtu anayejiweka hatarini kuliko wote majini: damu, mtapatapo na mzoga, vyote kwenye mwili mmoja. Wavuvi wenye busara huwafunga samaki kwenye boya kwa kamba ndefu, mbali nao.

Wanawake huniuliza kuhusu hedhi, nawe huenda unajiuliza. Matukio yaliyochunguzwa hayajaonyesha kwamba hedhi huongeza hatari, na wazamiaji wanawake wamefanya kazi na papa miaka mingi bila tofauti. Ile hadithi ya tone moja la damu kunuswa kutoka maili kadhaa imetiwa chumvi. Pua ya papa ni kali kweli, lakini harufu lazima ibebwe na mkondo imfikie.

Kuhusu vifaa vya kumfukuza papa, fungua macho kabla hujafungua mkoba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders walijaribu vifaa vitano vinavyouzwa, mbele ya papa weupe wa kweli. Kimoja cha umeme kilipunguza chambo kilichochukuliwa kutoka asilimia 96 hadi asilimia 40. Hicho ni kitu cha maana, ingawa nne kati ya kumi bado zilichukuliwa. Vifaa vingine, vikiwamo bangili za sumaku, havikuleta tofauti ya kutegemewa. Nyavu za fukweni nazo si ukuta kama watu wanavyodhani. Durban wamekuwa nazo tangu mwaka 1952 na matukio yalipungua sana, lakini ni jarife tu zilizotandazwa mbele ya ufuko, papa anapita juu, chini na pembeni. Zinapunguza hatari kwa kuwaua papa, na pamoja nao kasa, pomboo na samaki aina ya taa wasiomdhuru mtu.

Jambo moja ningependa kila mtu anayeingia baharini alijue hata akisahau mengine yote. Anayekufa kwa papa mara nyingi hafi kwa kuliwa, hufa kwa damu kumwagika, tena kwa dakika chache, kabla daktari hajafika. Maana yake aliye karibu ndiye anayeweza kumwokoa. Damu izuiwe palepale, mkiwa bado mnamvuta kwenda nchi kavu. Mwaka 2021 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha njia isiyohitaji kifaa kwa jeraha la mguu: kunja ngumi, igandamize kwa uzito wako wote kwenye kinena, katikati ya mfupa wa nyonga na sehemu za siri, upande ule ule wa mguu ulioumia. Mshipa mkubwa unapita hapo. Ilizuia damu vizuri zaidi kuliko kuufunga mguu kwa kamba ya ubao wa mawimbi. Mkifika ufukweni, fungeni kitambaa kipana kati ya jeraha na mwili, si kwenye jeraha lenyewe, mkibane kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikome, na mkumbuke saa mliyofunga. Itauma sana, na atawaomba mlegeze. Msilegeze mpaka afike kwa daktari. Mlazeni, mfunikeni asipoteze joto, msimvue nguo ya kuzamia, msimpe chakula wala kinywaji. Hata jeraha dogo lipelekwe hospitali, kwa kuwa bakteria wa mdomoni mwa papa na wa maji ya bahari wanaweza kuleta maambukizi mabaya.

Mweleze mumeo haya yote, usimfiche yale ya Réunion. Mwanamume anayempenda mkewe hatulizwi kwa kuambiwa hofu yake ni ya kijinga. Mwambie pia kwamba watu wengi huogelea na papa kila siku bila kujua. Kusini mwa California, watafiti waliorusha ndege ndogo zisizo na rubani kuanzia mwaka 2019 hadi 2021 walikuta kwamba katika sehemu mbili wanakokusanyika papa weupe wachanga, watu na papa walikuwa kwenye maji yaleyale kwa asilimia 97 ya siku zilizochunguzwa. Papa walipita chini ya waogeleaji na mbao, wakaendelea na safari zao.

Na mwambie kwamba anayepungua ni papa. Uvuvi unawaua makumi ya mamilioni kila mwaka. Makadirio ya karibuni ni kama milioni 80. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Yule mwenye ncha nyeupe niliyekutajia, aliyewatesa mabaharia wa Indianapolis, zamani alikuwa miongoni mwa wanyama wakubwa walio wengi kabisa baharini, na leo yumo kwenye orodha ya walio hatarini zaidi kutoweka. Nimekaa miaka nikiwahesabu papa kwenye miamba ambako wazee walinisimulia walikuwa hawahesabiki, na kuna siku narudi juu daftari likiwa tupu. Siku hizo huniumiza kuliko nilivyowahi kuumizwa na papa yeyote.

Ukirudi majini, na ninatumaini utarudi, mwambie mwalimu wako kabla ya kuingia kwamba safari iliyopita ulipatwa na woga. Kubalianeni ishara ya mkono ya papa na ishara ya "nimeogopa". Aogelee ubavuni mwako, asitangulie. Muombe mrudi kwenye mwamba ule ule, kwa maana papa wa ncha nyeupe hurudi kwenye mapango yale yale kwa miezi, hata miaka. Shukeni taratibu, mtulie mita 4 au 5 mbele ya pango, msiingie wala kummulika machoni. Tazama matamvua yake yanavyofunguka na kufunga. Ukihisi kifua kinabana, vuta pumzi ndefu, itoe polepole mpaka mapovu yaishe, halafu nyingine. Akiamka akapita karibu nawe, mfuate kwa macho tu. Kisha mpande pamoja, mita 9 kwa dakika, msimame kwenye mita 5 kwa dakika 3, na hapo mkiwa mnaning'inia utapata nafasi ya kutazama chini kuona kama amerudi kulala.